Nimpe Nini? Barua za Wazazi na Majibu ya Muuguzi

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: mtoto amepatwa na balaa, je, nimpe nini, nimpake nini, nimtie nini? Nimechagua tano. Msomaji anayetarajia orodha ya dawa huenda akasikitika, kwa kuwa katika mengi ya mambo haya ni mkono wa mzazi mwenye haraka unaoongeza madhara, na jibu langu la kwanza mara kadhaa litakuwa "usimpe".

Alikunywa mafuta ya taa, tukampa maziwa

*Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minane alikunywa mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya soda chini ya meza ya jikoni. Alikohoa sana. Jirani alinihimiza nimpe maziwa yaue sumu, kisha nimtie kidole kooni atapike. Nilifanya hivyo, akatapika, na usiku alianza kuhema haraka. Tulimkimbiza hospitali akalazwa siku nne. Sasa amepona. Tulikosea wapi, na je, mafuta hayo yamebaki mwilini mwake? — Mama wa Mbagala, Dar es Salaam*

Pole sana, mama. Nianze na swali lako la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Ikiwa mtoto anapumua vizuri, anakula na anacheza kama zamani, hahitaji dawa yoyote ya "kusafisha damu", hata muuzaji akikuapia. Akianza tena kukohoa, kuhema haraka au kupata homa, mrudishe hospitali na ueleze kilichotokea.

Kuhusu kosa, jirani yako alisema wanayosema wengi, na kwa nia njema kabisa. Lakini hatari kubwa ya mafuta ya taa haiko tumboni, iko mapafuni. Mafuta haya ni mepesi na husambaa upesi juu ya kila kinachoguswa, kwa hiyo mtoto akipaliwa, hata kiasi kidogo kinachoingia kwenye njia ya hewa hutambaa ndani ya mapafu na kuyachoma, akapata nimonia ambayo haikuletwa na kijidudu chochote. Kule kukohoa ulikokuona mwanzoni kulikuwa dalili kwamba huenda kiasi fulani kilikwisha kupita njia isiyo yake. Kumtapisha ni kuyarudisha mafuta yaleyale kooni kwa mara ya pili na kumpa nafasi nyingine ya kupaliwa. Maziwa nayo hayaui sumu hii. Yanalijaza tumbo tu na kumsogeza mtoto karibu zaidi na kutapika.

Kilichotakiwa ni kumvua nguo zilizolowa mafuta, kumwosha ngozi kwa maji na sabuni mbali na moto, kutompa chochote mdomoni, na kuondoka naye kwenda hospitali mkiwa mmebeba ile chupa. Hata mtoto anayeonekana mzima apelekwe, kwa sababu kupumua kwa shida kunaweza kuanza baada ya saa kadhaa. Ndiyo maana wauguzi humweka chini ya uangalizi kwa muda wa saa sita hivi kabla ya kumruhusu, jambo linalowaudhi wazazi wengi wanaoona mtoto anakimbia ukumbini. Marufuku ya kutapisha inahusu pia kostiki ya kutengenezea sabuni, ingawa sababu ni nyingine: hiyo huunguza koo ikishuka, na ikitapikwa huliunguza tena ikipanda.

Sasa tuzungumzie ile chupa. Mafuta ya taa huuzwa dukani kwa kupimwa kidogo kidogo, na mnunuzi huja na chombo chake, ambacho kwa kawaida ni chupa ya soda au ya maji. Sikulaumu kwa hilo. Lakini mtoto wa umri huo hajui kusoma wala hajui harufu ya hatari; anachojua ni kwamba chupa ya umbo lile huwa na kitu kitamu. Wengi niliowapokea wodini hawakunywa kwenye kidumu, walikunywa kwenye chupa walizozoea kupewa. Tafuta kidumu kidogo ambacho hakijawahi kuingia chakula nyumbani kwenu, chenye kifuniko kinachokaza, ukitundike kwenye msumari juu ya kichwa chako wewe, si juu ya kichwa chake.

Uji wa moto na dawa ya meno

*Binti yangu wa miaka miwili alivuta sufuria ya uji ikammwagikia mkononi. Tulimpaka dawa ya meno mara moja, lakini daktari alikasirika. Mbona dawa ya meno inapoza? — Baba wa Morogoro*

Inapoza juu ya ngozi, ndugu yangu, na huo ubaridi ndio unaodanganya. Jeraha la moto huendelea kuunguza tabaka za chini hata baada ya sufuria kuondolewa, na linalohitajika ni kuliondolea joto. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta ya kupikia na unga wa ngano hufunika joto hilo lisitoke, huleta uchafu kwenye kidonda, na daktari hulazimika kuzibandua mtoto akilia, ndipo aone ameungua kiasi gani. Pengine hasira ya daktari ilianzia hapo.

Dawa ni maji safi ya kawaida, yasiyo na barafu, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu sana mtoto anapolia; tazama saa, usikisie. Kama bomba halitoi maji, mimina kwa kikombe kutoka kwenye ndoo. Uji ni mbaya kuliko chai kwa sababu hauteremki, hung'ang'ania ngozini na joto lake, kwa hiyo maji yauondoe kwanza. Vua nguo na bangili mapema kabla mkono haujavimba, ila usivute nguo iliyoganda kwenye ngozi. Mwili uliobaki ufunikwe kwa kanga, maana mtoto mdogo hupata baridi upesi. Maji hayo yanafaa hata kama mmechelewa, maadamu hazijapita saa tatu. Baada ya hapo funika kwa kitambaa safi, usipasue malengelenge, na umpeleke kituo cha afya ikiwa jeraha liko usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, au linazidi ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe.

Mjukuu ameshikwa na degedege

*Mjukuu wangu wa miaka miwili na nusu alishikwa na degedege usiku. Mimi nilifanya tulivyofundishwa, nikamfukiza moshi, na nikamtia kijiko mdomoni asiume ulimi. Mama yake alitaka hospitali, nami nikamzuia nikihofia sindano, kwani mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Alipona baada ya muda mfupi. Sasa mkwe wangu hasemi nami. Nani mwenye haki? — Bibi wa Muheza, Tanga*

Shikamoo bibi. Umeandika kwa uwazi ambao wengi hawana, nami nitakujibu kwa uwazi uleule: katika hili mkwe wako ana haki.

Najua inavyosimuliwa, kwamba degedege huletwa na ndege au mdudu wa usiku anayepita juu ya mtoto. Wazee walioona hivyo walitazama kwa makini: mtoto aliyekuwa akicheza jana anakakamaa ghafla, macho yanageuka juu, viungo vinarukaruka kama mabawa. Tunachokijua leo ni kwamba kwa watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, ubongo ambao haujakomaa unaweza kutikiswa na homa tu, na mara nyingi mtikisiko huo huisha wenyewe ndani ya dakika chache bila kuacha madhara. Ndiyo maana moshi huonekana umeponya. Lakini katika nchi yenye malaria, degedege lilelile linaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na wewe na mimi tukiwa chumbani usiku hatuwezi kutofautisha kwa macho. Malaria hupimwa kwa tone la damu, na majibu hutoka ndani ya nusu saa.

Hofu ya sindano nayo ina chanzo chake. Zamani, na hata sasa, mtoto wa degedege alianza kwa mganga wa kienyeji, akafikishwa hospitali siku ya pili au ya tatu akiwa hoi, akachomwa sindano, akafariki. Wazazi waliona kitu cha mwisho kilichofanyika, wakakihesabu kuwa ndicho kilichoua. Mtoto mwenye malaria kali hawezi kumeza vidonge. Sindano ya artesunate ndiyo inayomwokoa, na kila saa inayocheleweshwa inapunguza nafasi yake.

Likitokea tena, na linaweza kutokea tena akipata homa, mlaze ubavu mahali tambarare mbali na jiko, ili mate na matapishi yatoke nje. Legeza nguo za shingoni. Usimshike kwa nguvu wala usitie kijiko. Ulimi haumezeki, ila meno huvunjika na vipande huingia kooni. Usimpe maji, dawa wala kitu kingine mpaka azinduke kabisa na aweze kumeza. Moshi uache, bibi, kwa kuwa mtoto huyo tayari anapumua kwa shida. Tazama saa: zikipita dakika tano, mkiwa bado mnatafuta bajaji, mnachelewa. Hata likiisha mapema, apelekwe siku hiyohiyo, na bila kusubiri asubuhi ikiwa hazinduki, shingo imekaza au degedege limerudi.

Kuhusu mkwe wako, nadhani ukimwambia tu kwamba safari ijayo utabeba wewe kadi ya kliniki, atasema nawe.

Asali na limau kwa kikohozi

*Mtoto wangu ana miezi mitano na anakohoa. Je, asali kidogo na limau itamfaa? — Mama wa Unguja*

Hapana, mama. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata iwe safi namna gani, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli hadi ya kupumulia, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi kukizuia. Akishatimiza mwaka, asali ni dawa nzuri ya kutuliza kikohozi. Kwa sasa mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Fanya na jambo moja ambalo wazazi hawaambiwi vya kutosha. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka kupita kawaida. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, kiwango ni 40. Ukifikia idadi hiyo, au ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, nenda kituo cha afya leo.

Meno ya plastiki

*Mwanangu ana miezi saba, anaharisha na ana homa. Shangazi ameona uvimbe mweupe kwenye fizi anasema ni meno ya plastiki, yang'olewe. Kuna mzee anayeyatoa kwa spoku ya baiskeli. — Mama wa Dodoma*

Usimpeleke, mama. Ule uvimbe ni jino halisi la chonge la utotoni ambalo bado liko ndani ya fizi, laini na jeupe kwa sababu halijakomaa. Kila mtoto analo. Likichokolewa kwa spoku au wembe, mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi mengine, na jino la ukubwani lililo chini yake likaharibika. Nimeona fizi zilizotobolewa hivyo, na sitaki kuzieleza hapa.

Lakini kule kuharisha shangazi hakukubuni. Umri huo ndio mtoto anaoanza kula, kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, huku kinga aliyozaliwa nayo ikipungua, kwa hiyo kuharisha na uvimbe wa fizi hukutana bila kimoja kuwa sababu ya kingine. Baada ya kung'olewa, kuharisha huisha siku ambayo kungeisha hata hivyo, na mzee wa spoku hupata sifa.

Homa yake ipimwe malaria. Kwa kuharisha, hapa ndipo hatimaye naweza kusema "mpe". Chota lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia pakiti nzima ya chumvichumvi ya zahanati, si nusu, na umpe kwa kikombe na kijiko mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji. Akitapika, ngoja dakika kumi uendelee polepole zaidi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Omba pia vidonge vya zinki: kwa miezi saba ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na usiviache kuharisha kunapokoma siku ya tatu, kama wengi wanavyofanya. Damu ikionekana kwenye choo, macho yakidumbukia, au akishindwa kunyonya, usisubiri chumvichumvi ifanye kazi. Mbebe uende naye, ukimnywesha njiani ikiwa bado anaweza kumeza.