Umepewa tovuti ya programu huria uitunze? Usianze na rangi

Mi niliingia kwenye hii kazi kwa sababu ya neno moja lililokosewa herufi. Kweli tena. Kulikuwa na programu huria, yani ile ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) uko wazi kwa yeyote kuuboresha, naitumia kila siku, siku hiyo nasoma ukurasa wao wa maelekezo nikaona kosa, nikalirekebisha nikawatumia, jamaa mmoja akanijibu haraka kweli akashukuru alafu akaongeza "ukiona mengine tuma tu". Nikaona mengine. Baada ya kama mwezi na nusu nikapewa ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye faili za tovuti, na haikupita miezi mitatu yule jamaa akapotea kabisa, kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia. Ndo nikajikuta mlinzi wa nyumba ambayo sijui hata switchi za taa ziko wapi.

Sasa miaka imeenda na huwa naulizwa sana na watu wanaotaka kujitolea, hasa wale wanaodhani kwa vile hawajui kuprogramu hawana cha kuchangia, kwamba waanzie wapi. Nitawaambia nnachokijua, na makosa yangu nayaweka humo humo.

Usiguse sura ya tovuti. Najua unaiona imekaa kizamani, menyu imejaa kama kabati la mtu anayehama, mikono inakuwasha uibomoe ujenge upya, wote tunaanza na huo ugonjwa. Mi niliibomoa kweli. Nilikesha kama wiki tatu napanga folda upya, nikabadilisha majina ya kurasa yakawa mafupi mazuri, nikapandisha kila kitu nikalala kwa raha zangu. Kuamka, malalamiko kila kona. Kila mafunzo ambayo mtu yeyote aliwahi kuandika, kila jibu la zamani ambalo mtu alimsaidia mwenzake, yote yalikuwa yanaelekeza kwenye anwani za zamani na zote zinaleta 404, yani ukurasa haupatikani. Na kibaya zaidi programu yenyewe, ile ambayo tayari iko kwenye kompyuta za watu, ilikuwa na kitufe cha Msaada kinachofungua ukurasa nilioupa jina jipya. Sasa hiyo utairekebishaje? Ishatoka, imekaa kwenye mashine za watu, na wengine wataendelea kutumia toleo hilo hilo miaka na miaka.

Tim Berners-Lee, aliyeibuni wavuti yenyewe, alishaonya tangu 1998 kwamba anwani za kurasa zisibadilishwe ovyo, na mi nilikuwa nimesikia hilo kabla sijaharibu, ila kusikia na kuungua ni vitu viwili.

Ikibidi uhamishe ukurasa basi acha kielekezi pale pale ulipotoka. Seva, yani kompyuta inayogawa kurasa za tovuti, inakuwezesha, unaiambia anayekuja hapa mpeleke kule, na kuna namba mbili za kujua: 301 maana yake nimehama moja kwa moja, 302 maana yake nimetoka kidogo nitarudi. Ushauri wangu anza na 302 hata kama umehama jumla, iache siku kadhaa uone kama kila kitu kinafika panapotakiwa ndo ugeuze iwe 301. Sababu ni kwamba brauza inaikumbuka 301. Niliwahi kuielekeza ukurasa mzima wa maelekezo sehemu isiyo sahihi kwa kukosea mkwaju (/) mmoja tu, nikarekebisha baada ya dakika kumi nikajiona shujaa, lakini wale waliopita kwenye hizo dakika kumi brauza zao ziliendelea kuwapeleka pabaya siku nyingi na mi kwangu naona iko sawa kabisa, nawajibu "mbona kwangu inafungua", jibu baya kuliko yote ambayo mtunza tovuti anaweza kumpa mtu.

Sasa kama sio sura, kazi yenyewe ni nini? Kazi ni kuhakikisha ukurasa hausemi uongo leo. Ulikuwa kweli siku ulipoandikwa, sawa, lakini leo? Kwenye mradi wetu nilikuta ukurasa unaosema mkutano wa wachangiaji utafanyika mwezi ujao, na huo mwezi ujao ulikuwa umepita miaka minne. Nilikuta "kipengele hiki kinakuja hivi karibuni" ambacho kilishakuja, kikatumika, na kikaondolewa. Toka hapo nikapiga marufuku maneno "hivi karibuni", "toleo lijalo" na "kwa sasa" kwenye kurasa za kudumu. Andika tarehe au andika namba ya toleo, basi. Mtu akisoma "kuanzia toleo la 3" miaka sita baadae bado anaelewa, akisoma "kwa sasa" haelewi ni sasa ya nani.

Namba ya toleo jipya nayo usiiandike sehemu kumi. Iwe kwenye faili moja, na kifaa unachotumia kujenga tovuti kiichukue hapo kiipeleke kila ukurasa unaoihitaji. Ikiwa sehemu mbili tu tayari mojawapo itakuja kudanganya, swala ni lini.

Alafu kuna jaribio moja ambalo halihitaji utaalamu wowote na karibu hakuna anayelifanya. Kila toleo likitoka chukua mashine safi, hata ya kuigiza tu ndani ya kompyuta yako, fungua ukurasa wa namna ya kusakinisha, na ufuate neno kwa neno kama mtu asiyejua chochote. Usitumie akili yako. Amri ikigoma simama hapo hapo uandike imegoma wapi. Waandishi wa programu hawawezi kulifanya hili maana mashine zao zina kila kitu tayari, kwao kila kitu kinakubali. Wewe ambaye "hujui kuprogramu" ndo unafaa kuliko wao, na mara nyingi mtu anayesema programu mbovu amekwama tu kwenye mstari wa tatu wa ukurasa wa zamani.

Ukurasa wa kupakua ndo unaonipa presha kuliko kurasa zingine zote. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kupitia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti waliyokuwa wanaitumia, na walichofanya ni kubadilisha linki ya kupakua, watu wakawa wanachukua mfumo wenye mlango wa nyuma, yani njia ya siri ya mvamizi kuingia, wakidhani ni wenyewe. Programu ya Mint haikuwa na shida, msimbo wake ulikuwa salama kabisa, shida ilikuwa tovuti, yaani kazi yetu sisi. Kwa hiyo unaposikia mtu anasema huyo anatunza websaiti tu, hiyo "tu" irudishe kwake. Na ile namba ndefu ya SHA-256 tunayoweka pembeni ya faili, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili hilo, inasaidia kujua kama faili limeharibika njiani, ila mvamizi akishaweza kuandika kwenye ukurasa anaibadilisha na hiyo namba pia. Kinachosaidia ni sahihi ya kidijitali iliyotengenezwa kwa ufunguo ambao haukai kwenye seva ya tovuti, na maelezo ya kuihakiki yaliyoandikwa kwa lugha ambayo binadamu wa kawaida anaweza kuifuata, sio mistari miwili ya amri bila neno hata moja la kueleza unachotegemea kuona.

Hii ndo sababu moja ninayopenda tovuti za faili tupu, ambazo vifaa vya kujengea tovuti kama Hugo au Jekyll vinazijenga alafu seva inazigawa tu bila kuwa na hifadhidata nyuma. Vitu vya kuvunjwa vinapungua. Ila nazo zina mtego, mtu anarudi baada ya miaka mitatu kurekebisha mstari mmoja anakuta toleo jipya la Hugo halikubali templeti (violezo vya kurasa) za zamani. Andika ndani ya faili za tovuti umejenga kwa toleo gani.

Tafsiri. Hapa nina mengi maana nimeumia sana. Mwanzoni tulikuwa tunapokea tafsiri kwa shangwe, mtu anatuma kurasa ishirini za lugha yake kwa mpigo, tunazipandisha, tunapongezana, alafu mtu huyo hatumwoni tena. Kiingereza kinaendelea kubadilika na zile kurasa ishirini zimeganda pale pale, na msomaji wa lugha ile hana namna ya kujua kwamba anasoma maelekezo ya toleo lililokufa. Yani yule tuliyedhani tunamsaidia ndo tunampoteza zaidi.

Debian, mradi mwingine wa mfumo huria wa kompyuta, wana dawa nzuri ya hili na mi niliiga. Kila ukurasa uliotafsiriwa unabeba mstari unaosema umetafsiriwa kutoka nakala ipi ya ukurasa wa asili, siku hizi ni alama ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, maana walihamia Git mwaka 2018, kabla ya hapo walikuwa wanatumia nyingine ya zamani iitwayo CVS. Ukurasa wa asili ukibadilika, mfumo unajua tafsiri zipi zimebaki nyuma na msomaji anaonyeshwa tangazo kwamba hii imepitwa na wakati nenda kaangalie ya asili. GNU, mradi mwingine wa programu huria, wana njia yao, wanatumia faili za PO ambazo zinaweka kila aya ya asili pamoja na tafsiri yake, aya iliyobadilika inakuja kurudi kwenye Kiingereza mpaka mtafsiri aipitie, kwa hiyo unaweza kukuta ukurasa umechanganyika lugha mbili. Unakera macho lakini haudanganyi, na mi kati ya ukurasa mzuri unaodanganya na ukurasa wa madoadoa unaosema kweli nachagua madoadoa.

Kwa hiyo mtu akija na moto anataka kutafsiri tovuti nzima, namwomba aanze na kurasa tatu: wa mbele, wa kupakua, wa kusakinisha. Azitunze kwa matoleo mawili. Akiweza hayo tunaongeza. Wengine wanakasirika wanaona nawabana, mmoja aliniambia wazi kwamba namvunja moyo, labda kweli, ila hizo tatu zake ziko hai mpaka leo.

Mambo ya funguo nayapita haraka maana hayana ladha lakini ndo yanaua tovuti. Domeini, yani jina la tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani na imeili ya nani? Kama ni imeili ya mtu aliyeacha mradi una tatizo leo, sio siku itakapoisha muda. Hati ya HTTPS, ile inayofanya mawasiliano na tovuti yawe salama, ukiipata bure kwa Let's Encrypt kawaida inadumu siku 90 na inajihuisha yenyewe mpaka siku skripti (programu ndogo inayoihuisha) igome kimya kimya, na kumbuka wenyewe waliacha kutuma imeili za kukumbusha muda kuisha mwezi Juni 2025, kwa hiyo weka kitu kingine cha kukuangalizia. Pasiwedi zijulikane na watu wasiopungua wawili. Sisi tulikaa siku kumi na moja hatuwezi kubadilisha chochote kwa sababu mwenye ufunguo pekee alikuwa safarini bila intaneti, hakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa letu kumwachia peke yake.

Sasa watu. Utakuja kugundua kwamba ukitangaza unabadilisha namna seva inavyogawa mafaili hakuna anayejibu, ila ukigusa rangi ya kitufe watu arobaini wana maoni. Poul-Henning Kamp wa FreeBSD, mfumo mwingine huria wa kompyuta, aliwaandikia wenzake kuhusu hili mwaka 1999, akatumia mfano wa kibanda cha baiskeli, kwamba mtambo wa nyuklia unapita bila mjadala kwa vile hakuna anayeuelewa ila rangi ya kibanda kila mtu anaiweza. Mi nnachofanya ni kutangaza siku ya mwisho ya maoni na nani ataamua, kisha naheshimu hiyo siku hata kama bado wanabishana.

Na yule anayeleta rekebisho lake la kwanza mjibu upesi, hata kama ni kumwambia nimeona nitaangalia Jumamosi. Mi nisingekuwa hapa kama yule jamaa angenijibu baada ya miezi miwili. Rekebisho likiwa na kasoro ndogo lipokee umalizie mwenyewe hiyo kasoro, usimrudishe mara nne kwa ajili ya nafasi moja ya ziada mwisho wa mstari, nimeshafanya huo ujinga na nikampoteza mtu aliyekuwa na jicho la ajabu la kuona linki zilizokufa.

Kingine, pumzika kwa kutangaza. Usipotee. Sema natoka mwezi huu na huu, fulani ana funguo, mambo yanayosubiri ni haya, nenda. Mara ya kwanza nilivyofanya hivo nilikuwa na wasiwasi mpaka nachungulia kwenye simu usiku. Niliporudi nikakuta kurasa sita zimerekebishwa na watu ambao wawili kati yao siwajui, na moja wameiharibu, menyu ilikuwa imeshuka mpaka chini ya ukurasa kama mtu amelala. Nikairudisha juu, nikawaandikia kuwaeleza ilitokeaje, nikaendelea na foleni ya Jumamosi.