Begi lilikuwa zuri, ila mzigo ulidoda

Wadau, hii naiandika kwa mtu anayeanza biashara na anaamini kitu chake ni kizuri kiasi kwamba kitajiuza chenyewe. Mi niliamini hivyo na nusura nimalize mtaji wote.

Nashona mabegi ya mgongoni. Nilipoanza akili yangu yote ilikuwa kwenye begi lenyewe, ngozi nene, uzi uliopakwa nta, mshono wa mara mbili kila kona, vifungo vya shaba, yaani begi moja lilikuwa linanichukua siku mbili na nikilimaliza naligeuza geuza mwenyewe nafurahi. Swali nililokuwa najiuliza kila siku ni moja tu, nitaliboreshaje? Mtu atakayelibeba sikuwa nimemfikiria kabisa.

Basi nikashona mengi, nikatandaza. Watu wanakuja, wanayashika, wanasifia, wanaondoka. Kuna dada mmoja simsahau, alichukua begi akalipima kwa mkono likiwa tupu, akatoa chupa yake ya maji akajaribu kuisimamisha ndani, ikalala, akafungua zipu akafunga, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, kazi yako nzuri sana, ila mi nasimama kwenye basi saa nzima na hili." Akalirudisha taratibu. Mshono hakuuangalia hata mara moja, na mshono ndio niliokuwa nauringia.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nauza ngozi na mshono, yeye alikuwa anatafuta bega lisiume.

Na hili halinipati mimi mdogo peke yangu. Sony walitoa Betamax mwaka 1975, mashine ya kurekodi vipindi vya televisheni, kanda yake ndogo na wengi walisifia picha yake. Mwaka uliofuata washindani wao JVC wakaja na VHS, mashine ya kazi hiyohiyo, kanda kubwa zaidi, ila inabeba saa mbili wakati ile ya Betamax mwanzoni ilibeba saa moja. Sasa fikiria uko nyumbani, filamu ina saa moja na nusu, utachukua ipi? Sony waliongeza muda baadaye, ila wenzao walishapata nafasi, na yapo mengine pia yaliyochangia. Mwaka 1988 Sony wenyewe wakaanza kutengeneza mashine za VHS.

Ila ngoja, msinielewe vibaya, maana mimi nilitoka kosa moja nikaingia lingine. Baada ya yule dada nikaanza kumuuliza kila mtu "ungependa begi liweje?" na kila alichosema nikakiweka, huyu anataka mfuko wa miwani, huyu wa miavuli, huyu mkanda wa kifuani, nikaishia na begi lenye mifuko tisa, zito kuliko la kwanza na bei imepanda. Likadoda vilevile. Kumsikiliza mteja sio kumpa kalamu akuchoree dizaini, ufundi ni wako, yeye anachokijua vizuri kuliko wewe ni maisha yake.

Angalia Sony haohao mwaka 1979, wakatoa Walkman, mashine ndogo ya kusikilizia kanda za muziki ambayo hata kurekodi hairekodi, na kulikuwa na wenye wasiwasi nani atanunua. Ikauzwa sana. Kwa mtazamo wangu ilikuwa hivyo kwa sababu iliingia kwenye kitu ambacho watu wanakifanya kila siku, wanatembea, wanasafiri, na muziki wanaupenda. Kwa hiyo kupenda bidhaa yako sio tatizo hata kidogo, tatizo ni kuipenda huku umempa mgongo mtu wa kuitumia.

Swali la "ungependa nini" nimeliacha, kwa sababu watu wanakujibu kwa adabu tu wasikuvunje moyo. Siku hizi nauliza yaliyokwisha tokea. Jana ulibeba nini? Begi lako la mwisho uliliacha kwa nini? Majibu ya hapo yana ukweli ndani yake, mtu anakwambia mkanda ulikatika, mvua iliingia kwenye makaratasi, na hapo ndo ule mshono wangu wa mara mbili ukarudi kazini, nauweka kwenye mikanda tu ambako ndiko mabegi yanakufa, kwingine kote nimepunguza uzito.

Na kabla sijakata ngozi nashona sampuli ya kitambaa cha bei rahisi, nawapa watu watatu watumie wiki mbili, simwelekezi mtu chochote. Zikirudi nazikagua polepole kama daktari. Juzi moja imerudi imetobolewa kidogo pembeni karibu na zipu, mwenyewe kapitisha waya wa chaja hapo ili simu ipate chaji huku anatembea. Kwenye mahojiano yote hakuna mtu aliyewahi kunitajia hilo. Wiki hii ndo nashona la kwanza lenye tundu pale pale alipotoboa yeye.