Kilomita 17 bila kijiji: kutoka Carrión de los Condes hadi Calzadilla de la Cueza

Kwenye njia ya hija ya Wakristo ya Santiago de Compostela, Hispania, ile inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, kuna kipande ambacho mahujaji huanza kukiulizia siku kadhaa kabla ya kukifikia. Ukishatoka Carrión de los Condes, ni mashamba ya ngano na shayiri mpaka Calzadilla de la Cueza: kilomita 17 bila kijiji katikati, bila bomba la maji la kutegemea, na miti ya kuhesabu. Mlima hakuna hata mmoja, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Mlimani miguu hupokezana kazi. Ukipanda, paja ndilo linalobeba, ukishuka, goti, na pumzi ikikata unasimama. Kwenye tambarare hatua ya kwanza na ya elfu ishirini ni ileile. Kwa hatua ya sentimita 75, kilomita 17 ni hatua zaidi ya 22,000, zinazosugua ngozi palepale na kuvuta msuli uleule. Ndiyo maana hata mtu mwenye pumzi nzuri anaweza kufika Calzadilla akichechemea.

Kwanza saa ya kuondoka. Hispania hutumia saa za Ulaya ya kati ingawa iko magharibi kabisa, kwa hiyo Julai jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na joto kali zaidi huja kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, pamoja na vituo vitatu vya robo saa, utafika Calzadilla kama saa nne na robo, jua likiwa bado halijakolea. Utahitaji tochi ya kichwani mwanzoni, na kitu kinachoakisi mwanga, kwa sababu kilomita za kwanza ni za barabara ya lami yenye magari. Tembea upande wa kushoto uyaone yanayokuja. Kama kupotea, utapotea hapa, wakati wa kutoka mjini gizani; mishale ya njano inayoonyesha njia ichunguze jioni ya jana yake mpaka darajani na monasteri ya San Zoilo. Baada ya hapo njia imenyooka kama rula, kwa kuwa inafuata barabara ya kale ya Warumi.

Maji: lita 2 msimu wa baridi, lita 3 Julai na Agosti, na chupa zijazwe kabla ya kulala. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ondoa vingine begini. Mzigo wote usizidi sana asilimia 10 ya uzito wako. Kunywa mafunda machache kila baada ya dakika 15 au 20, usisubiri kiu. Ukitoka jasho jingi, maji matupu hayatoshi. Changanya lita moja na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa, au beba pakiti za ORS. Katika msimu huenda ukamkuta mtu anauza vinywaji njiani. Mshukuru ukimkuta, lakini usimweke kwenye hesabu.

Chakula nacho nunua mapema, hasa kesho ikiwa Jumapili, maana maduka mengi hufungwa. Pesa taslimu toa Carrión. Mbele ni vijiji vidogo.

Sasa miguu, ambayo ndiyo shughuli yenyewe. Baada ya lami unaingia kwenye changarawe, na sehemu nyingine mawe ni ya mviringo na makubwa, yanachoma unyayo kupitia soli nyembamba. Tafuta ukingo uliolainishwa na nyayo za waliotangulia. Miguu huvimba kwa joto, kwa hiyo kiatu kiwe kikubwa kidogo kuliko cha kawaida, na kamba za upande wa vidole zilegezwe kila unapopumzika. Kila kituo vua viatu na soksi, kausha miguu, vaa soksi za akiba. Ukisikia sehemu inapata moto, simama papo hapo ubandike plasta. “Nitabandika nikifika” ndiyo sentensi inayozaa malengelenge.

Lengelenge dogo liache. Kubwa lililojaa na kuuma, safisha, toboa pembeni kwa sindano iliyosafishwa, kamua, acha ngozi ya juu mahali pake, kisha funika. Wapo mahujaji wanaopitisha uzi na kuuacha ndani ili maji yaendelee kutoka. Usiwaige, uzi huo huingiza vijidudu.

Maumivu mengine ya tambarare ni ya mbele ya ugoko. Husababishwa na hatua ndefu za haraka, na kamba zilizokazwa juu ya kifundo huyazidisha. Fupisha hatua, legeza kamba, weka kitu cha baridi jioni. Ugoko ukivimba na kuuma hata ukikaa, pumzika siku moja, maana kulazimisha kunaweza kukugharimu wiki.

Unaelekea magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni, kisha linahamia kushoto. Paka losheni ya jua nyuma ya shingo, sikio la kushoto na nyuma ya miguu, sehemu ambazo watu husahau kwa kuwa hawazioni. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kupepesuka, ni joto limempiga: mtafutie kivuli hata cha koti, mmwagie maji, piga 112, namba ya dharura.

Choo hakuna, na baada ya mavuno hakuna pa kujificha, ni mabua matupu. Malizia haja zako Carrión, na karatasi utakayotumia njiani irudi begini kwenye mfuko.

Calzadilla imekaa bondeni, kwa hiyo hutaiona mpaka uwe karibu kabisa. Usiongeze mwendo kuitafuta. Pima kwa saa badala ya macho. Ukifika kabla ya saa tano na miguu ikiwa mizima, Ledigos ni kilomita 6 mbele na Terradillos de los Templarios ni kama 9. Ikishapita saa sita mchana wakati wa kiangazi, chukua kitanda hapohapo, na kwa kuwa vitanda ni vichache, ni vyema kupiga simu siku moja kabla.