Maswali yenu kwa Yaya: Tulikuwa nane kwa vyumba viwili, sasa tunarudi ziwani

Jambo Yaya. Mimi ni mama wa miaka 37, ninaishi Himbi hapa Goma. Tulisoma Bukavu wasichana nane, tulikuwa tunapanga kule Kadutu vyumba viwili tu, na mmoja wetu alikuwa makizari miaka miwili mizima, analala chini kati ya vitanda ju hakuwa na pesa ya kupanga, lakini njo yeye alikuwa anatupikia na kutueleza hesabu usiku mbele ya mtihani. Tulimaliza 2012. Tangu hapo hatujakutana sisi wote, mmoja alikufa 2020, wengine vita na maisha viliwatawanya, mmoja Kampala, mmoja Bujumbura, mmoja Kanada. Sasa yule wa Kanada akafungua grupu ya WhatsApp akasema vakansi hii tukutane kando ya Ziwa Kivu wiki tatu, muziki, mishikaki, kuogelea, hakuna kulala. Tulifurahi mpaka nililia. Lakini matatizo ni haya: aliweka kotizasyo ya dola 400 kila mutu, na ndani ya grupu anaandika majina ya wenye wamelipa na alama ya kijani. Yule makizari wetu akatoka kwa grupu bila neno. Pili, alipata nyumba njia ya Bulengo, parsele inashuka mpaka kwa maji, na kule chini kuna bonde dogo la majani kati ya mawe ya volkano, anataka tupige mahema pale tulale tukisikia maji. Mama mwenye kuuza makala jirani aliniambia pale mbuzi yake ilikufa, kuna mazuku. Niliposema kwa grupu, wa Kanada akacheka, eti ni hofu ya kijijini. Tatu, mume wangu anasema wiki tatu hapana. Nifanye nini? – Mama wa Himbi

Mudogo wangu, nianze na mbuzi.

Huyo mama wa makala amekupa bure habari yenye watu wengine waliipata kwa kuzika. Mazuku si mapepo na si hofu ya kijijini. Ni gazi karbonike, inatoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe ya volkano, na ju uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, haipande, inashuka. Inatembea kama maji mpaka ipate shimo ao bonde, inatulia mule. Haina rangi, haina harufu. Mchana jua na upepo vinaitawanya, lakini usiku kukiwa baridi na upepo umelala inajaa polepole, na saa ya alfajiri njo mbaya kuliko zote. Ikifika karibu asilimia 10 ya hewa, mutu anapoteza fahamu kwa dakika chache, ikizidi hapo haamke tena. Upande wa magaribi wa Goma, Kyeshero, Lac Vert, Bulengo, Mugunga mpaka kuelekea Sake, mashimo ya namna hiyo yanajulikana toka zamani.

Sasa angalia vizuri kwa nini ni mbuzi njo ilikufa na mama hakufa. Mbuzi ilikuwa chini. Mutu mwenye amesimama anaweza kuwa anapumua vizuri kabisa, anaongea, anacheka, na mwenzake mwenye amelala kwa godoro pembeni ya miguu yake anakufa. Muziki usiku, mumekunywa, mumechoka, munashuka bondeni kulala ndani ya hema, chini, na mlango umefungwa ju ya baridi na mbu. Sijui namna nyingine ya kupanga hatari ikamilike kuliko hiyo.

Nilipokuwa mutoto nyanya yangu alikuwa anatanguliza koroboi chini kwa mkono mbele ya kuingiza mbuzi mahali pa bonde asubuhi, moto ukilegea anarudi nyuma haraka. Siku hizi kila mutu ana tochi ya telefone, na tochi ya telefone haizimike kwa mazuku, itakumulikia vizuri mpaka mwisho. Na hata koroboi yenyewe isiwadanganye, moto unaweza kuwa bado unawaka na gazi imeshakuwa nyingi ya kumuumiza mutu. Kwa hiyo hakuna kujaribu. Mulale ndani ya nyumba ya juu, kwa vitanda, si kwa magodoro chini ya vyumba vya upande wa bonde. Muulize wenye parsele na majirani, ukiweza uliza pia watu wa Observatoire Volcanologique de Goma, wenye kuchunguza volkano, hao wanajua sehemu nyingi za mazuku. Na hii uiseme kwa wote saba siku ya kwanza mbele ya chupa yoyote kufunguliwa: ukiona mwenzako ameanguka mahali pa bonde usishuke kumchukua. Najua ni neno gumu. Lakini njo vile wanakufa wawili, watatu, mmoja anamfuata mwingine ju ya upendo. Ita watu, tafuta kamba, mumvute mukiwa juu.

Kwa yule wa Kanada, usibishane naye kwa grupu, ju mbele ya watu mutu anatetea neno lake hata kama limeshamshinda. Mupigie simu peke yake. Mukumbushe kama kule Kameruni, ziwa la Nyos, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, gazi hii hii ilitoka kwa maji ikashuka kwa mabonde na kuua watu zaidi ya 1,700, wengi walikuwa wamelala kwao. Si kitu cha kijijini. Ameishi mbali miaka mingi, anakumbuka ziwa la picha. Wewe umebaki hapa, kwa hiyo neno la mahali pa kulala ni lako, si lake, hata kama pesa nyingi ni zake.

Sasa makizari. Hapa njo barua yako ilinikamata moyo, na nikuambie kweli, ilinikasirisha kidogo pia. Mutu amelala kwa simenti miaka miwili katikati ya vitanda vyenu, amewapikia sombe na bugali, amewafungua akili kwa hesabu mpaka mukapita, leo anafungua telefone anakuta majina ya rafiki zake yanapangwa moja moja na alama ya kijani na jina lake liko chini bila kitu. Alitoka bila neno, ndiyo, angesema nini? Angeandika mbele ya watu sita kama hana dola 400? Kuna walimu hapa kwetu wenye hawazishike hizo kwa mwezi.

Ile orodha iondolewe leo. Si kesho. Kisha mutu mmoja, mimi nasema wewe, aende kwake kwa miguu yake. Si kumutumia ujumbe, si kumutumia sauti. Uende na kitu kidogo, sabuni, sukari, mukae, muongee ya watoto, na ukitoka umwambie tunakungoja, nafasi yako iko. Usiseme "tumekulipia". Hilo neno linaweza kumufanya akatae mpaka kufa. Na pesa muifanye hivi: kila mutu anamuambia mwenye kushika kesi (sanduku la pesa) peke yake kile anaweza, dola 30, dola 500, hata unga na mafuta, na mwenye kushika kesi hasemi kwa mutu mwingine nani alitoa nini. Muhesabu chakula, nyumba na usafiri kwanza halafu njo mupange siku kufuatana na kile kimepatikana. Nyinyi mulifanya kinyume, mukapanga wiki tatu kwanza halafu mukatafuta watu wa kuzilipa.

Na tafadhali, akikuja, asipewe kazi ya kuchoma nyama na kuosha sahani. Najua munaweza kuifanya bila ubaya wowote, "wewe njo ulikuwa mpishi wetu", na yeye atacheka na kuinuka. Lakini atajua ni bei anayolipa. Safari hii yeye akae, nyinyi mupike, na awe na kitanda, kile kizuri, chenye dirisha la ziwa.

Mume wako hana makosa makubwa. Wiki tatu ni nyingi kwa mutu mwenye watoto, na wenzako nao wana kazi, nadhani ni mmoja tu njo anaweza. Siku nane ao kumi zinatosha kucheka mpaka tumbo liume. Mupangie siku moja katikati mabwana na watoto waje, wale sambaza, waogelee, warudi jioni. Mume akishawaona hao wanawake kwa macho, akasikia zile hadithi za Kadutu, ile hofu inapungua yenyewe.

Kitu cha mwisho hukuniuliza. Mulikuwa nane. Kama mama wa yule mwenye alikufa bado yuko, na mukiwa pamoja tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, muende wote saba kumusalimia kama barabara inaruhusu, ao mumpigie wote kwa simu moja. Siku hiyo asubuhi watu wanaenda makaburini na kisha wanafurahi na wazazi wenye wako hai, yeye hana mutoto wa kumletea hata soda. Mumpelekee nyinyi.

Yaya aksanti kwa kazi yako. Tuko vijana tumemaliza juzi tu, tunataka kwenda kushinda ziwani kila Jumapili ya mwezi wa saba na wa nane. Mama yangu anasema Ziwa Kivu liko na gazi ndani litapasuka, rafiki anasema liko na mamba. Tuogelee ao tuache? – Kijana wa Katindo

Mamba hakuna, kiboko hakuna, hapo ulale usingizi. Gazi iko kweli, mama yako hakudanganya: chini ya maji haya kuna karibu kilomita za ujazo 300 za gazi karbonike na 60 za metani, lakini ziko kule chini kabisa, ziwa linafika karibu mita 485, na uzito wa maji njo unazifunga. Mutu mwenye kuogelea juu hazimuguse. Upande wa Rwanda tangu 2016 kuna kituo kinaivuta hiyo metani na kufanya umeme.

Chenye kinaua vijana ziwani ni kitu kingine. Ziwa hili liko kwa urefu wa karibu mita 1,460 juu ya bahari, maji ni baridi kuliko vile unafikiri ukiwa kwa jua, na kando yake hakuna mchanga mrefu wa kutembea polepole kama bahari ya Mombasa. Ni mawe ya volkano, hatua mbili maji yako kwa magoti, hatua ya tatu hakuna kitu chini ya miguu. Mwenye hajui kuogelea abaki mahali anaona mawe chini. Hakuna kuruka kichwa mbele mahali hamujashuka kwanza kwa miguu. Na mwenye amekunywa anakaa juu, hata akilia, hata akiwaita waoga. Mukiingia muwe wawili wawili, kila mmoja anajua ni nani wake, na mmoja wenu mwenye hakunywa abaki kwa mawe na bidoni tupu la lita 20 lenye limefungwa vizuri na kamba. Linaelea, linabeba mutu.

Jambo Yaya, sisi watu 12 wa promosheni moja tunatoka Bukavu kuja Goma kufurahi. Kuna boti ya mbao ya mizigo inatuachia bei ya chini na tunaweza kuweka bafle (spika kubwa) tucheze njiani. Ni sawa? – CP wa zamani

Hapana, si sawa. Tarehe 3 mwezi wa 10 2024 boti yenye ilitoka Minova imejaa kupita kiasi ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku hapa Goma, watu wenye walikuwa wamekuja kupokea ndugu zao waliiona inaanguka wakiwa wamesimama kwa nchi kavu. Karibu namna hiyo, na bado watu wengi walikufa. Hivi unaniambia 12 wasimame wacheze juu ya mizigo, wote wanakimbia upande mmoja kupiga picha.

Wewe ulikuwa CP, mkubwa wa promosheni, ulikuwa unaita majina darasani. Ita tena. Mpande boti ya abiria, ya asubuhi, jile za kuelea 12 kwa watu 12, zimevaliwa na kufungwa toka bandarini, si zimekaliwa kama mito. Mukifika bandarini mukaona watu wanaendelea kupanda na maji yamekaribia ukingo, mushuke hata kama tiketi imelipwa. Bafle itawangoja Goma.

Yaya, mimi ni muzee wa miaka 70, nyumba yangu iko pembeni ya parsele moja ya kupangisha kando ya ziwa. Kila vakansi wanakuja hawa waliosoma pamoja, muziki mpaka saa kumi ya usiku, mama watoto ni mgonjwa wa presha. Niite polisi? – Muzee wa Kyeshero

Shikamoo Baba, na pole sana kwa mama. Bado usiite polisi, jaribu kwanza njia hii. Hao vijana wanafika Ijumaa ao Jumamosi mchana, uende ubishe hodi saa kumi ya jioni wakiwa bado wanashusha mizigo, si saa saba ya usiku ukiwa na hasira na wao hawasikie hata jina lako. Uwaambie mama ni mgonjwa, chumba chake ni kile, dirisha ni lile. Waombe bafle igeuzwe iangalie ziwa na saa nne ya usiku ishuke sauti, uchukue namba ya simu ya mmoja wao mwenye hanywi. Na kama parsele yao iko na bonde kule chini, Baba, wewe umekaa hapo miaka mingi, uwaonyeshe kwa kidole mahali pa kutolala.