Ile miti ya Monet chini ya mawingu

Mkuu umeuliza kwa nini mchoraji Monet alichora miti ileile mara nyingi vile, na mbona ile picha ya mawingu inaonekana kama hajaimaliza. Ni mipopla ya mto Epte, karibu na kwake Giverny kule Ufaransa, mwaka 1891, alitoa picha kama 24 hivi na nyingi alichorea ndani ya boti, maana alichokuwa anakimbiza ni mwanga, hali ya hewa ikigeuka tu anaweka turubai hii ya kuchorea pembeni anashika nyingine. Sasa hiyo ya mawingu izumu vizuri, kijivu chenyewe ni zambarau na bluu na kijani, brashi fupi fupi zimepandana, ukirudi nyuma kidogo ndo unaona wingu zito na maji yamepoa chini yake. Imeisha kabisa hiyo. Mimi naipenda kuliko zile za jua.

Halafu ile miti ilipigwa mnada ikatwe mbao, ikabidi achangiane hela na mfanyabiashara wa mbao aliyeitaka, ili iachwe imesimama mpaka amalize kuchora. Aisee hapo huwa nanyanyua mikono.