Sauti inayochelewa kwenye kinanda

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Nimeunganisha kinanda cha taarab na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, lakini nikibonyeza, sauti hutoka vidole vimeshapita. Nifanyeje? (Mpiga kinanda, Langoni, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Kabla hujailaumu kompyuta, tazama bafa, yaani akiba ya sampuli (vipande vidogo vya sauti) ambayo programu huijaza kabla ya kuipeleka kwenye spika: katika JACK, programu inayopitisha sauti ndani ya kompyuta, vipindi (mafungu) 2 vya sampuli 1024 kila kimoja, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 43, ambazo mpigaji huzihisi vidoleni, ilhali vipindi 2 vya sampuli 128 huchukua milisekunde 5 na kitu. Shuka kidogo kidogo. Ukisikia mikwaruzo, ujue kichakataji kinashindwa kuijaza bafa kwa wakati, basi panda ngazi moja. Kichakataji chenyewe kizuie kisipunguze kasi kati ya noti na noti, na JACK ipewe kipaumbele cha wakati halisi, yaani ihudumiwe kabla ya programu nyingine. Tundu la hedifoni la bodi hiyo, kwa maoni yangu, halifai jukwaani. Tafuta kadi ya sauti ya USB. Spika ya Bluetooth, hata ikiwa nzuri namna gani, iache nyumbani, kwa kuwa ina ucheleweshaji wake ambao bafa ya JACK haiugusi.