Vitunguu Vyangu Viliozea Mpakani: Kwa Wewe Unayetaka Kuuza Msumbiji

Juzi dada mmoja wa Masasi kaniandikia: “Kaka, nataka kupeleka mzigo Msumbiji, nianzie wapi?” Nikasoma, ile harufu ikanirudia puani.

Mimi nilianzia kwenye undugu. Mama ni Mmakonde wa Newala, wajomba wako Mueda, ng'ambo Msumbiji, na tangu utotoni nimesimuliwa kwamba FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Daraja la Umoja la Mtambaswala lilipofunguliwa mwaka 2010, lenye urefu wa mita 720 kuvuka mto Ruvuma hadi Msumbiji, nikajua riziki imefika mlangoni.

Nikapakia magunia 60 ya vitunguu kwenye Fuso. Ng'ambo, afisa forodha akataka cheti cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi ya kuthibitisha mzigo umetoka nchi gani. Nikamsemesha Kimakonde, nikataja hadi ukoo wa mjomba. Akanijibu kwa Kireno, kidole kikigonga fomu. Siku nne gari juani. Siku ya tatu maji ya rangi ya chai yakaanza kuchuruzika chini ya turubai. Nikafungua gunia la juu, kitunguu kikabonyea kiganjani kama embe bovu. Mwenzangu tuliyechanga naye mtaji akarudi Mtwara bila kuniaga. Hasara nimeilipa, lakini lile la kutoagwa linaniuma hadi leo.

Sasa nisikilizeni, wana kusini wenzangu. Soko huria la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lilizinduliwa mwaka 2008, na mazao yaliyolimwa kwetu yanapata nafuu ya ushuru wa forodha huko, ila nafuu hiyo utaipata ukiwa na cheti cha uasili mkononi. Kinatolewa na TCCIA, chemba ya wafanyabiashara wa Tanzania. Mazao yanahitaji pia cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea. Vitafute kabla hujapakia. Narudia: kabla hujapakia! Msumbiji haimo Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo utaratibu wa anayeuza Kenya usiuige. Tafuta wakala wa forodha anayejua Kireno. Na Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi, una mashambulizi ya waasi tangu 2017, hivyo ulizia usalama wa njia kila safari, hata kama wiki iliyopita ulipita salama.

Tunanung'unika kila siku kwamba kusini tumesahauliwa, na mlango wa nchi nzima uko kwetu. Amkeni, fuateni karatasi!

Dada, safari hii napeleka chumvi. Vyeti vyako vikiwa tayari, tukutane Mangaka tuongozane, naondoka alfajiri.